Mkasi na Vistari vya Mama Taipu

Ukitaka kugombana na Mkasi, mwambie kazi yake ni kubonyeza kompyuta. Utajuta. Atasimama, atashika kiuno, atakuuliza kama na mpishi naye kazi yake ni kuchezea moto. Kisha atakueleza mpaka chai yako ipoe, na ukitoka hapo utakuwa unajua, upende usipende, kwamba ile benki ya damu yenye kuta nyeupe na kibaraza cha saruji haiendeshwi na majokofu peke yake. Inaendeshwa na kanzidata, yaani ghala la maandishi lililomo ndani ya kompyuta, ambamo kila mchangia damu ana mstari wake: jina, mtaa, simu, kundi la damu. Na ghala hilo lina bawabu mmoja tu, naye ni yeye.

Ana majivuno? Anayo, tena tele. Mimi simlaumu. Kuna watu wanavimba kichwa kwa shati waliloazima, yeye anavimba kwa kazi aliyoifanya mwenyewe. Jina la Mkasi alipewa pale pale ofisini, kwa tabia yake ya kupogoa maandishi. Akiona nafasi tupu imeachwa mwishoni mwa jina la mtu, anawashwa. Akiona nukta imeganda mkiani mwa jina la mtaa, hakai, hatulii.

"Kompyuta haina huruma kama nyinyi," huwaambia makarani. "Nyinyi mkiona jina lina nukta mwishoni mnasema ni yule yule. Yenyewe inasema huyu mtu mwingine kabisa, simjui, sijawahi hata kumwona."

Majivuno hayo hakuyaokota njiani. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama yake, anayejulikana na kila mtu kwa jina la Mama Taipu, alikuwa mpiga chapa wa benki hiyo hiyo tangu ilipokuwa chumba kimoja chenye jokofu la kunguruma. Enzi hizo kila mchangia damu aliandikiwa kadi ngumu yenye visanduku, na kadi zote zilipita chini ya vidole vyake, kwenye taipureta nzito iliyokuwa ikitikisa meza na madirisha pamoja. Na alikuwa na mtindo wake. Akishaandika jina la mtu, kisanduku kikabaki na nafasi, hakuiacha hivi hivi. Aliijaza vistari, ta-ta-ta-ta, mpaka ukingoni.

Sababu? Zamani zile kila aliyepita na kalamu mfukoni alijiona ana haki ya kuongeza neno kwenye kadi. Huyu anaongeza jina la ukoo, yule anabadili mtaa, mwingine anamwandikia jirani yake "mlevi" mbele ya jina kwa sababu wamegombania uzio. Mama Taipu akasema basi, yatosha, kadi yangu haitaingia hata sindano. Akawa anafunga kila kisanduku kwa vistari kama mtu anayepiga komeo. Amestaafu siku nyingi, anaishi na binti yake, lakini mpaka leo ukimtembelea, hujakaa vizuri kwenye kiti utakuwa umeshasikia habari za vistari.

Kompyuta zilipoingia, mkuu wa wakati ule, mtu wa amri kwelikweli, aliwaambia makarani wanakili kadi kama zilivyo, asiongeze mtu wala asipunguze. Nao, sijui niwasifu au niwasute, wakatii. Wakanakili majina na vistari vyake, mitaa na vistari vyake, na vidole vilipochoka wakatia na nafasi tupu, mara katikati ya vistari, mara nyuma yake. Ndiyo maana jedwali lote la wachangiaji wa zamani lilikuwa linaburuta mikia. Mtu wa mtaa wa Sokoni ameandikwa Sokoni, halafu vistari msururu. Ukiiambia kompyuta ikutafutie watu wa Sokoni, inakujibu hakuna. Hakuna! Na watu wenyewe wako pale pale Sokoni wanauza nguo.

Miaka yote hiyo amri ile ilimzuia hata Mkasi kuligusa, wala jambo lenyewe halikumnyima mtu usingizi, kwa kuwa wahudumu walitafuta kwa macho yao na kupiga simu wenyewe. Likaja kuwa shida alipofika Daktari Mkuu mpya.

Huyu Daktari Mkuu si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ni mtu asiyependa kupotezewa muda, basi. Alikuja na mfumo mpya: hospitali ikihitaji damu ya kundi fulani, mfumo wenyewe unawatafuta wachangiaji wa kundi hilo walio mtaa wa karibu, unawatumia meseji papo hapo. Jumatatu asubuhi akaita watu wote kwenye chumba cha mapumziko, penye lile kochi lililochanika, akatangaza kuwa mfumo unaanza Ijumaa.

"Na lile jedwali la zamani tunaliacha," akasema. "Limejaa takataka. Nimelifungua mwenyewe nikaona, kila neno lina mkia. Tutaandikisha watu upya, taratibu."

Mkasi alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikasimama.

Neno lile lilimchoma. Ndani ya jedwali hilo walikuwemo watu wa damu adimu, O hasi na wenzao, watu ambao huwapati kwa kupiga kelele barabarani. Mama yake aliwaandika mmoja mmoja, wakazoea kurudi mwaka baada ya mwaka. Ukiwaacha leo, kesho utawaandikisha upya wapi, nao hujui tena walipo? Na tusidanganyane, lilikuwa pia jasho la mama yake. Maisha mazima ya yule mama yalikuwa yamelala humo, halafu mtu anasimama mbele ya watu anayaita takataka.

"Daktari," akasema, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hao hao wenye mikia ndio watakaokusitiri siku hospitali inakupigia simu nawe unatoka jasho. Niachie mimi. Nitalisafisha kabla ya Ijumaa."

"Lote?"

"Lote, halafu utaniambia."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Ila nisikilize vizuri. Damu yenyewe tutaipima upya kila mara, hilo halina mjadala, hakuna mgonjwa atakayewekewa damu kwa kuamini kompyuta. Lakini mgonjwa akiwa mezani, mfumo ukaniitia mtu wa kundi lisilo lake, nimepoteza muda ambao sina. Ijumaa asubuhi nitachomoa kadi kabatini nilinganishe na kilichomo kwenye kioo cha kompyuta. Nikikuta kundi la damu la mtu mmoja tu umelikisia, jedwali zima linabaki nyuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Mkasi. Moyoni akajiambia, haya bibie, umeyavulia maji nguo, yaoge.

Meza ya pili yake anakaa mwenzake mmoja, jina lake la kazini Chapuchapu, na jina linajieleza. Ni fundi mzuri, haki yake nampa, ila subira alinyimwa. Mkasi hajavuta hata kiti, mwenzake alikuwa ameshaandika amri: kata vistari vyote mwishoni mwa kila neno, katika kila safu ya jedwali, kwa mpigo mmoja.

"Dada, bonyeza hapo tu. Dakika moja, tunakwenda zetu kula."

"Wee, hebu kaa chini. Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

"Nyama yenyewe itakuwa imeisha kantini."

Sasa hapa ndipo penye fahari ya Mkasi kuliko yote: hakati asichokiona. Kwanza anatengeneza nakala ya jedwali, lile la asili analiweka kando. Kisha anaiamuru kompyuta imwonyeshe tu, bila kugusa kitu, neno lilivyo sasa na litakavyokuwa likishakatwa, ubavu kwa ubavu. Ndipo anapotia mkono. Basi akaiendesha amri ya Chapuchapu kwenye nakala, wakainama wote wawili kutazama. Majina yamenyooka. Mitaa nayo imenyooka, ila hapa na pale vistari vimegoma kutoka, kwa sababu nyuma yake ilikaa nafasi tupu ikavikinga. Hilo dogo. Jicho la Mkasi likasogea mpaka kwenye safu ya kundi la damu, likaganda.

"Chapu, hebu nionyeshe watu wa O hasi."

Chapuchapu akatafuta. Hawapo. A hasi hawapo, B hasi hawapo. Wote wamebaki na herufi peke yake, maana alama ya hasi nayo ni kistari, na amri yake ilikuwa imekitafuna pamoja na vingine.

"Mama yangu!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nimeua mji mzima!"

"Hujaua mtu, umeua nakala. Kazi ya nakala ndiyo hiyo. Nenda kale, uniletee na mimi mkate."

Alipobaki peke yake akaandika amri yake mwenyewe, safu kwa safu. Akaiambia kompyuta: anza mkiani, kata vistari na nafasi tupu kwa pamoja, viwe vimechanganyika namna gani, na ukikutana na kitu cha kwanza kisicho kistari wala nafasi, simama hapo hapo. Kwa hiyo mwenye majina mawili yaliyoungwa kwa kistari katikati hakuguswa, maana kisu hakikufika huko. Safu ya kundi la damu akaiacha nje kabisa. Akaangalia, akaangalia tena, mikia ikawa inadondoka jinsi alivyotaka, na mtaa wa Sokoni ukajaa watu. Alicheka peke yake kama mtu aliyepata habari za harusi.

Jioni akaingia nyumbani akiwa bado ana furaha ile, na furaha humfanya mtu mpumbavu. Mama Taipu alikuwa mezani jikoni, sinia la mchele mbele yake, akichambua.

"Mama, nimechukua kazi kubwa leo. Nasafisha lile jedwali la zamani."

"La kwangu?"

"La kwako. Naondoa vistari."

Mkono wa mama ukasita juu ya sinia. "Unaondoa vistari vyangu?"

"Vinaizuia kompyuta kusoma, mama. Ikiona Sokoni yenye vistari inadhani ni mtaa mwingine."

"Basi hiyo kompyuta yako ni mjinga. Watu wamesoma kadi zangu miaka na miaka, hajapotea mtu."

"Si kwamba ni vibaya, mama..."

"Nani kasema vitolewe? Wewe, au mkubwa wako?"

Mtu mwenye akili angebadilisha mazungumzo, angeuliza chumvi iko wapi. Mkasi akasema kweli. "Daktari aliliita takataka. Lakini mimi nikamjibu..."

Hakumalizia. Sinia lilisukumwa mpaka mchele ukamwagika.

"Takataka! Mimi niliyekaa kwenye kile kiti mpaka mgongo ukapinda, nikawa nafunga kadi kama nafunga nyumba yangu, leo takataka! Haya, si una mkasi? Kata. Ukimaliza uje unikate na mimi."

Tangu hapo akanuna. Nawaambia, huyu mama akinuna utamhurumia hata paka wa nyumba hiyo. Chakula anakupakulia, nguo zako anazianua mvua ikikaribia, ila neno hulipati. Salamu inaitikiwa puani. Mkasi alikula chakula chake akitazama ukuta, akaona afadhali angepigwa.

Lakini kazi haingoji mtu apatane na mama yake. Akaendelea, na katikati ya wiki akaona majina na mitaa vimekwisha, safi. Mtu mwingine angekunja jamvi. Yeye akasema, hebu niiangalie na ile safu niliyoikataa kuigusa. Alijua kwa nini ilikuwa salama: kisanduku cha damu kwenye kadi ni kidogo, kinatosha herufi na alama yake tu, mama hakuwa na pa kujaza. Hata hivyo akaiamuru kompyuta imtolee kila namna ya maandishi iliyomo kwenye safu hiyo. Zikatoka za kawaida, O chanya, O hasi, A, B na AB na alama zake. Halafu chini kabisa ikatoka O yenye vistari msururu. Na A yenye vistari. Na B.

Akaenda kabatini, akavuta droo ya chini inayokwama, akazikuta kadi zenyewe. Zilikuwa za chapa ya kwanza kabisa, karatasi imegeuka rangi, na kisanduku cha damu kilikuwa kipana. Mama alipoona upana, akaufunga.

Hazikuwa nyingi. Lakini kila moja ilikuwa mtu. Kile kistari cha kwanza baada ya O kilikuwa alama ya hasi, na vingine ndio komeo? Au vyote ni komeo, na alama haikuandikwa? Maana Mkasi alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba siku za mwanzo dawa ya kupimia alama ilikuwa ikikosekana, mtu anapimwa herufi tu, anaambiwa arudi siku nyingine.

"Andika hasi, yaishe," Chapuchapu akasema. "Ndiyo inavyoonekana. Daktari atajuaje?"

"Damu sikisii."

"Basi kamuulize mama yako. Si yuko nyumbani?"

"Yuko, ndiyo. Kununa anakujua huyo!"

"Mficha uchi hazai, dada."

Kweli kabisa. Alhamisi Mkasi akawahi kurudi, jua lingali juu, akamkuta mama yake nyuma ya nyumba anafua. Akavuta kigoda, akakaa chini kuliko yeye, kama mtoto.

"Mama, najua umeninunia, na una haki. Lakini nina swali la kazi, na hakuna mwingine wa kumuuliza. Zile kadi za mwanzo, zenye kisanduku kipana cha damu. Ulipoandika O halafu vistari mpaka mwisho, kile cha kwanza kilikuwa hasi, au kilikuwa cha kufungia tu?"

Mama Taipu akaacha kufikicha. Akakamua nguo iliyokuwa mkononi, akaitundika.

"Nina usingizi," akasema, akaingia ndani. Jua linawaka!

Mkasi alibaki pale na ndoo. Machozi yalimtoka, na hasira nayo. Aliona mama yake amemfungia mlango makusudi, kwa sababu ya vistari, wakati kinachotafutwa ni kuiokoa kazi yake yeye mwenyewe. Kesho yake asubuhi akaondoka bila kuaga, jambo ambalo katika nyumba ile ni kama kuvunja sahani.

Ijumaa. Meza ndefu ya chumba cha mapumziko, Daktari Mkuu upande huu na rundo la kadi, Mkasi upande ule na kompyuta yake, Chapuchapu nyuma akitafuna kucha, wauguzi wamejazana mlangoni wakijifanya wanatafuta vikombe. Daktari anachomoa kadi, anasoma. Mkasi anasoma kwenye kioo. Jina sawa, mtaa sawa, damu sawa. Kadi nyingine. Sawa. Nyingine. Sawa. Mkasi akaanza kusikia shingo yake inarefuka.

Mara wauguzi wakapisha. "Shikamoo mama! Shikamoo!" Mama Taipu huyo, na viatu vya sherehe, mkoba mkononi, miwani imening'inia shingoni. Akaitikia salamu zote, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mnakagua kazi yangu bila mimi?"

Daktari akasimama, si unajua heshima. "Karibu, mama. Wewe ndiye..."

"Mimi ndiye mwenye takataka."

Jamani! Chumba kizima kilitazama sakafu. Mama Taipu akamnyang'anya kadi taratibu, akavaa miwani, akaanza kusoma mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mitihani. Jina, mtaa, damu. Mkasi akawa anajibu kwa kusoma kwenye kioo. Hawakutazamana. Kadi moja baada ya nyingine, sawa, sawa, mpaka Daktari akaingiza mkono kwenye rundo na kutoka na kadi iliyogeuka rangi, yenye kisanduku kipana.

"Huyu hapa ni O halafu vistari," akasema. "Kwenye kioo umeandikaje?"

Mkasi akapiga moyo konde. "Nimeandika O, na pembeni nimeandika haijathibitishwa. Maandishi ya kadi yenyewe nimeyahifadhi kama yalivyo, sikuyakata. Wako wachache wa namna hiyo. Sijui kama ni hasi, Daktari. Sikukisia."

"Lakini aliyeiandika kadi yuko hapa." Daktari akamgeukia mama. "Mama, uliandika wewe kwa mkono wako. Huyu ni hasi au si hasi?"

Kila mtu alijua neno moja linatosha. Chapuchapu alikuwa anamkonyeza mama wa watu mpaka jicho likataka kutoka, sema hasi, mama, sema hasi yaishe. Nani angembishia?

Mama Taipu akavua miwani.

"Daktari, mimi nilikuwa nafunga visanduku mtu asije akaingiza lake. Hiki nilikifunga vizuri mno, hata mimi mwenyewe siwezi kuingia. Sijui. Wako waliokuwa hasi kweli, na wako ambao dawa ilikuwa imetuishia. Huyu ni yupi kati yao, sijui." Akapangusa midomo. "Jana mwanangu aliniuliza nikasingizia usingizi. Sijalala. Katika maisha yangu sijawahi kusema sijui kuhusu kadi yangu, na nilikuwa natafuta namna ya kutosema. Namna haipo. Waiteni watu hao wapimwe."

Mkasi alimtazama mama yake. Alikuwa amemwona akipewa saa ya ukutani siku ya kustaafu, amemwona akipigiwa makofi, lakini sijui kama alipata kumwona mkubwa kama asubuhi ile.

Daktari aliiweka kadi mezani polepole. "Nitasema ukweli na mimi," akasema. "Kadi hizi zilizogeuka rangi niliziona tangu Jumatatu. Nilikuwa nasubiri mniambie ni hasi, mkiwa na uso mkavu. Nimefanya kazi na watu wengi, na karibu wote wangekisia." Akasimama wima. "Jedwali linahamia leo, lote. Na lile neno nililolisema, mama, nalifuta."

"Lifute vizuri," Mama Taipu akamjibu, "lisibaki na mkia."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika mpaka kwenye majokofu. Daktari mwenyewe alicheka akashika meza.

Mchana ule ule jedwali likahamia, na meseji ya kwanza ya mfumo mpya haikwenda kwa mtu mwingine ila kwa hao wachache wa kisanduku kipana: njoo tukupime tena, tafadhali. Simu za wengine hazikupatikana. Wengine walijibu wamehama, wakaelekeza walipo. Na jua halijapinda sana, watu wakaanza kuonekana kwenye kibaraza, wazima wenye mvi, mmoja na fimbo, mwingine na mjukuu. Mama Taipu alikataa kurudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na mkoba wake mapajani, akiwapokea kama wageni wake.

Akaingia bwana mmoja mwenye kipara na miwani minene, kadi yake ndiyo ile aliyoichomoa Daktari. Akatazama huku na huku, akamwona.

"Si wewe yule mama wa taipu? Uliniambia nikae wima ndipo uniandike!"

"Na mpaka leo hukai wima," mama akamjibu. Wakacheka, wakashikana mikono, wakaulizana habari za waliokufa na walio hai.

Muuguzi akamchukua, akamtoa tone, akaingia maabara. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mezani kwa Mkasi. "O hasi," akasema. Mkasi akafuta lile neno la haijathibitishwa, akaandika kundi lake, akalitazama kabla ya kulihifadhi, kama anavyotazama kila kitu.

"Kumbe bado uko hapa tu, mama," yule bwana alikuwa anasema, akikunjua mkono wa shati. "Bado unatuandika?"

Mama Taipu akainuka kwenye benchi, akaja mpaka nyuma ya kiti cha binti yake, akamwekea mkono begani. Haukuwa mkono mwepesi.

"Mimi nimemaliza," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya asubuhi, ya kutangaza. "Huyu ni mwanangu. Yeye ndiye anayejua mko wapi nyote."